Fahali wa Baba Niliyemuua Daftarini

Siku ya kuniaga kazini, katikati ya soda na hotuba, binti Rhobi alinisogelea na sahani yake ya pilau. Rhobi ndiye afisa mifugo mpya aliyepewa kata yangu, msichana mchapakazi asiye na maneno mengi. Akaniamkia, nikamwitikia, kisha akasema, "Mzee, mimi nasoma sana, lakini nikifunga kitabu na kichwa nacho kinafunga. Hivi kuandika wakati unasoma kunasaidia kukumbuka, au ni kumaliza wino tu?"

Nikamwambia, "Kunasaidia. Na kunaweza kuua ng'ombe."

Akacheka, akadhani mzee amezidisha soda. Kabla sijaeleza, nikaitwa kukata keki. Walikuwa wameitengeneza kwa umbo la ng'ombe, miguu mitatu, wa nne sijui uliishia wapi. Lakini sikuwa natania, ndiyo maana nimekaa chini kuandika haya, kwa ajili ya Rhobi na wenzake. Vyeo nitaviruka, havikuwa vingi. Mishahara nayo tuiache ilale. Nitaeleza namna nilivyokuwa nasoma vitabu vya kazi, kwa sababu siku moja, nyumbani kwa watu, jambo lililosimama kati ya sufuria na vinywa vya watu zaidi ya thelathini lilikuwa ukurasa mmoja niliousoma zamani. Ama ningeukumbuka, ama tungezika.

Nilianzia kazi Nyambureti. Nilifika na begi moja la nguo na begi moja la madaftari, na la madaftari ndilo lililokuwa zito. Chuoni vitabu vilikuwa vichache, mnagombania kimoja watu kumi, kwa hiyo mimi nilivinakili. Kaunta buku nne nzima, kwa rangi tatu: bluu majina ya magonjwa, nyekundu dalili, kijani matibabu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nisiseme uongo. Wenzangu walikuwa wanaazima madaftari yale ili wayatazame tu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama ninajua kilichomo, na mimi sikujiuliza.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mzee Wambura, mtu mfupi, mkavu, aliyeijua kila njia ya ng'ombe katika kata ile. Siku ya kwanza alinikabidhi mkoba wa kazi: kipimajoto, bomba la sindano, kamba, kisu, na chuma cha kutobolea tumbo la ng'ombe aliyejaa gesi. Akanionesha kila kimoja mara moja tu. Kisha akaniambia kesho nianze kwenda peke yangu, yeye magoti yanamsumbua. Baadaye nilikuja kugundua kwamba magoti yake yalikuwa yanasumbua kila anapopata mgeni wa kufundisha.

Wiki ya pili niliitwa kwa Mama Nyangi, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu wa maziwa, jike wa rangi ya majivu. Ng'ombe yule alikuwa ameingia kwenye maharage mabichi yenye umande, akala mpaka basi. Nilipofika, ubavu wake wa kushoto umevimba umekaza kama ngoma, ulimi nje, anahema kwa shida. Majirani wamejaa. Mimi nikaweka mkoba chini, nikatoa daftari.

Dalili nilizipata haraka, wino mwekundu. Nikafurahi, jamani, nikatikisa kichwa kama profesa. Nikahamia wino wa kijani: "Toboa mahali palipooneshwa kwenye mchoro." Mchoro! Mchoro ulikuwa kwenye kaunta buku nyingine, iko chumbani kwangu, nimeupaka rangi vizuri sana. Nikaanza kupekua kurasa nikidhani labda niliuchora na hapa. Ng'ombe akapiga magoti. Mtu mmoja akapiga kelele, "Toboa basi!" Nikatoboa kwa kubahatisha, nimeshachelewa. Alikufa pale pale mbele yetu.

Mama Nyangi hakupiga yowe, na ingekuwa afadhali angepiga. Alinitazama, akasema, "Mwanangu, mkono wako ni mzima. Ungeliacha hilo daftari nyumbani, ungemtoboa tu." Nilirudi nikilia njia nzima, na sioni haya kusema.

Mzee Wambura hakunigombeza. Aliniambia nilete daftari. Nikampa. Akaliweka kwenye kiti chake na kulikalia. Kweli kabisa, akalikalia kwa matako yake.

"Sasa niambie, ng'ombe wa Mama Nyangi alitakiwa atobolewe wapi?"

Nikatazama kile kiti.

"Dawa gani anyweshwe kwanza, kama tumbo lina povu?"

Nilikuwa naona ile rangi ya kijani kichwani, maneno hayaonekani.

"Basi wewe hukusoma," akasema. "Ulihamisha wino tu, kutoka kitabuni kuja hapa."

Kuanzia siku hiyo alinifundisha kusoma upya, mimi mwenye cheti. Njia yake ilikuwa hivi. Soma ukurasa mmoja. Funga kitabu, kikalie. Andika kilichobaki kichwani, kwa maneno yako, kama unavyomweleza Mama Nyangi, si kama unavyomwandikia mkufunzi. Ukimaliza, inuka, fungua, jisahihishe kwa kalamu nyingine. Pale ulipoacha wazi au ulipokosea ndipo penye ujinga wako, parudie. Kazi hiyo inachosha, inakera, na ukurasa mmoja unaweza kula nusu saa. Nilikuwa nanakili kurasa ishirini kwa muda ule ule, nikiwa napiga mluzi. Sasa ndiyo nimejua kwamba ukiona unaandika huku unapiga mluzi, hakuna kinachoingia.

Akaniongezea na jambo la pili, na hili sijalikuta kwenye kitabu chochote. Wafugaji wetu hawana namba za ng'ombe. Muulize mzee yeyote wa huku, atakwambia: huyu mwenye paji jeupe ni mtoto wa yule mwekundu aliyekuja kwa mahari ya dada yangu mkubwa, mwaka ule wa ukame, na yule wa madoa alizaliwa siku tuliyomtahiri fulani. Ng'ombe sitini, miaka thelathini, bila kalamu. "Kichwa cha mtu wa huku," alisema Mzee Wambura, "kinashika kitu kikiwa na rangi ya ng'ombe na jina la mwenye ng'ombe. Kila ukurasa upe ng'ombe wake."

Nikaanza daftari jipya, wino mmoja. Ukurasa wa kwanza niliandika: "Tumbo kujaa gesi. Ng'ombe wa majivu wa Mama Nyangi. Ubavu wa kushoto, kwenye shimo nyuma ya mbavu ya mwisho. Kama ni povu, mafuta ya kula kwanza. Usifungue daftari." Tangu siku hiyo nimetoboa matumbo mengi, na kila mara namwona yule jike wa majivu kwanza, halafu mkono unakwenda wenyewe.

"Na magonjwa ambayo sijayaona?" nikamuuliza mzee.

"Azima ng'ombe. Chukua wa kwenu, unayempenda. Muugulishe."

Kwetu ni Morotonga. Baba alikuwa na ng'ombe ishirini na kitu, na baada ya mwaka mmoja na nusu wote walikuwa wamekwisha kufa daftarini mwangu. Ndama wake wa kahawia nilimpa ndigana kali, ile homa ya kupe. Jike mzee nilimpa homa ya mapafu. Zizini wanacheua, wazima wa afya, baba hana habari. Nikafika ukurasa wa kimeta. Kitabu kilisema huo ugonjwa unaua ng'ombe ghafla, na mtu akimchuna au akila nyama yake, unamfuata na yeye. Nikajua hapa panataka mnyama mkubwa. Baba alikuwa na fahali mweusi mwenye baka jeupe la paji, ambaye kila asubuhi alikuwa akimsalimia kabla ya kutusalimia sisi. Nikakifunga kitabu, nikakikalia, nikaandika:

"Fahali wa baba jana alikuwa mzima. Asubuhi tumemkuta amelala, amekufa. Jua limepanda lakini miguu haijakakamaa. Damu nyeusi inatoka puani na haigandi. Ndugu zangu wamekuja na visu. Usimfungue. Nyama yake inaua."

Niliandika nikajisikia vibaya, kama mtu aliyetenda kosa. Nilipokwenda likizo sikuweza kumtazama yule fahali machoni.

Siku za kuogesha ng'ombe, foleni ya josho ikiwa ndefu, Mzee Wambura alinilazimisha niwasimulie wafugaji nilichosoma juma lile. Hapo ndipo nilipokoma. Wanabisha! Mmoja atasema ugonjwa huo kwao una jina lingine, mwingine atasema dalili ya kwanza si hiyo uliyotaja, ni masikio. Nusu ya wakati walikuwa na haki wao, na mimi narudi kuongeza mstari.

Makosa sikuacha kufanya. Kuna ukurasa umeandikwa, "Chambavu, mguu, Marwa asubuhi." Chambavu ni ugonjwa wa misuli ya ng'ombe, basi, hakuna zaidi. Akina Marwa niliowajua wanajaza uwanja, na mpaka leo sijui huyo ni yupi na asubuhi ilimpata nini. Usiandike kwa kubana kana kwamba wewe wa mwakani utakuwa na akili kuliko wewe wa leo. Tena nikiri na jambo linaloniharibia hoja: kulikuwa na riwaya moja niliyoisoma pale joshoni, haina jalada, sikuandika hata neno, na naikumbuka yote mpaka mahali mvua ilipoilowesha. Sielewi kwa nini. Labda kwa sababu hakuna aliyenitaka niikumbuke.

Mwaka wa tatu nilihamishiwa Tarime, upande wa milimani. Baada ya miezi michache tu, asubuhi moja akaja kijana mmoja mbio, mpwa wa Mzee Chacha, aliyekulia Sirari, mpakani, na ulimi wake uko nusu Kenya.

"Daktari, kuja haraka. Ng'ombe imeanguka tu, haikuwa gonjwa. Mzee anataka uangalie nyama upige muhuri, wageni wako njiani."

Siku ile Mzee Chacha alikuwa anapokea wakwe, watu wa kuja kumalizia mazungumzo ya mahari ya binti yake. Nilikuta nyumba imechangamka, wanawake wamepanga sufuria, watoto wanazunguka moto, mzee mwenyewe amevaa koti. Nyuma ya zizi amelala dume mwekundu, pembe moja imepinda. Mwita, mtoto mkubwa wa mzee, alikuwa ameshampitisha kisu shingoni ili damu itoke, mikono imelowa.

Nikachuchumaa. Nikashika mguu wa mbele, nikaukunja. Ukakunjika. Walisema dume alikufa kabla ya mapambazuko, na sasa jua limepanda, mguu ule ulitakiwa uwe mgumu kama mti. Nikatazama ile damu shingoni, nyeusi, bado ni maji. Puani nako inachuruzika.

Nisikilizeni vizuri wadogo zangu. Sikuwa nimewahi kuona kimeta kwa macho yangu. Hata mara moja. Lakini nikajisemea, huyu ni fahali wa baba. Daftari lilikuwa mkobani, na mkono haukulitafuta kabisa.

Nikasimama. "Mwita, weka kisu chini, usijifute usoni. Mzee, ng'ombe huyu hafunguliwi. Haliwi."

Kwanza walicheka. Halafu wakanuna.

"Unasemaje?" Mzee Chacha akanisogelea. "Wakwe zangu wako njiani, unataka niwape mboga za majani? Sisi tumekula ng'ombe waliojifia tangu enzi za babu yangu, na tupo."

Alikuwa anasema kweli. Walikuwa wamekula wengi waliokufa kwa mambo mengine, hawakudhurika. Nami sikuwa na darubini, na maabara iko mbali. Kama nimekosea, nimemwaibisha mzee mbele ya wakwe na nimemtupia dume zima, na hakuna nyumba milimani itakayoniita tena. Kama sikukosea na nikanyamaza, basi tungewazika wale watoto waliokuwa wanazunguka moto. Niliogopa.

Mzee Chacha akaniuliza polepole, "Mura, kijana wangu, wewe ugonjwa huu umewahi kuuona kwa macho yako?"

Jibu la kweli lilikuwa, sijawahi, nimesoma. Nikatazama visu. Nikatazama sufuria.

"Nimeuona, mzee. Ulimuua fahali wa baba yangu, Morotonga. Mweusi, ana baka jeupe la paji. Jana yake alikuwa mzima. Asubuhi tukamkuta amelala, miguu haijakakamaa, damu nyeusi inatoka puani haigandi, hivi hivi. Ndugu zangu walikuja na visu. Hatukumfungua, ndiyo maana mimi niko hapa naongea na wewe."

Sikuwa naigiza. Kila neno nililiona likitokea. Mzee Chacha akamtazama mwanawe mwenye damu mikononi. Kisha akavua koti.

"Chimbeni shimo," akasema.

Tulimchoma, tukamfukia chini sana na chokaa juu yake. Mwita alinawa kwa sabuni mpaka ngozi ikawa nyeupe, nikamwandikia barua ya kwenda kituo cha afya. Wakwe walikula kuku, na nasikia walilalamika. Nilichukua tone la damu kwenye kioo nikalituma maabara. Kabla majibu hayajarudi, Mwita akatokwa na kidonda kwenye kifundo cha mkono, cheusi katikati na hakiumi. Kwa kuwa kituoni walishajua wanatafuta nini, wakamtibu, akapona. Majibu yakarudi: kimeta. Tukachanja ng'ombe kijiji kizima. Ikawa kila ninakopita naitwa niketi, nipewe kiti chenye egemeo.

Nilifurahi, kwa nini nisifurahi? Ila ule uongo ulikuwa umenikaa kama mwiba wa samaki.

Msimu wa kupanda nikaenda likizo nyumbani. Siku ya tatu tuko uani mimi na baba, tunaona watu wawili wanakuja na mtamba mzuri wa kahawia, kamba shingoni. Mzee Chacha na mpwa wake! Alikuwa ameulizia nyumba yetu njia nzima. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Wakasalimiana na baba, wakaketi, wakapewa maji. Kisha Mzee Chacha akasema kwa heshima zote, "Mzee mwenzangu, nimekuja kukupa pole. Fahali wako aliyekufa aliwaokoa watu wangu. Huyu mtamba ni wa kukufuta machozi."

"Fahali gani?" akauliza baba.

"Yule mweusi. Mwenye baka jeupe la paji."

Na fahali mweusi mwenye baka jeupe la paji alikuwa amesimama hatua ishirini kutoka pale, anajikuna shingo kwenye nguzo ya zizi.

Wote wawili wakanigeukia. Sikuwa na pa kukimbilia, nikasema yote. Nikaingia ndani, nikaleta daftari, nikawasomea ule ukurasa. Mzee Chacha hakujua kusoma. Aliniambia nirudie, nikarudia.

"Kwa hiyo hukuona."

"Sikuona, mzee. Nilisoma, nikafunga kitabu, nikaandika. Nisamehe."

"Wewe ulimuua fahali wangu?" baba akafoka. Nikalifunga daftari haraka, maana hata jike wake mzee alikuwa ameshakufa kwenye ukurasa wa jirani.

Mzee Chacha akainuka. Nilidhani anachukua mtamba wake aende zake, na ningemwona ana haki. Badala yake akaenda mpaka kwa yule fahali, akaweka mkono shingoni mwake. Aliporudi macho yalikuwa yamelowa.

"Ungeniambia umesoma," akaniambia, "ningekufukuza nikamla. Na watoto wote wale wangekula." Akamgeukia baba. "Mtamba anabaki. Nilikuja kwa ajili ya aliyekufa, nimemkuta mzima. Basi wachunge pamoja."

Kisha akaketi tena, akanisogezea kigoda kingine. "Chukua kalamu. Andika na wangu, nione unavyoandika."

Nikaandika chini ya fahali wa baba, nikisema kila neno kwa sauti ili asikie: "Dume wa Mzee Chacha, mwekundu, pembe moja imepinda. Miguu haikukakamaa, damu haikuganda. Hatukumla. Nimemwona kwa macho yangu."

Akaweka kidole chake kwenye karatasi, kwenye mstari ule wa mwisho.

"Hapo," akasema. "Soma tena hapo."